Mwanangu kaandika oksijeni tunayovuta inageuka maji, mwalimu kampa sifuri. Nani yuko sahihi?

Mzee wa Stesheni (mleta uzi)

Wakuu, mwakeye. Wa Tabora, mwangaluka. Niko dukani kwangu Mwanga hapa Kigoma, mvua imeanza kabla ya jogoo, na mteja aliyeingia mpaka sasa ni mmoja, tena kaja kujikinga. Kwa hiyo leo naandika kirefu, mwenye haraka apite.

Kitindamimba wangu yuko kidato cha tatu. Ijumaa karudi na daftari la baiolojia, kalibwaga mezani, chakula hakugusa. Kulikuwa na swali la alama nne: eleza kazi ya oksijeni katika upumuaji wa seli. Lilikuwa kwa Kiingereza, mimi nawawekea Kiswahili. Mtoto kajibu kwamba oksijeni inapokea elektroni mwishoni kabisa, inaungana na hidrojeni, inakuwa maji. Basi. Mwalimu kapiga kosa kubwa la wino mwekundu, ubavuni kaandika kuwa oksijeni huunguza glukosi ili tupate nguvu, kisha hutoka kama hewa ya ukaa. Sifuri.

Huyo mtoto hakuota. Dada yake yuko kidato cha sita, na ndiye aliyemfundisha usiku kwa mwanga wa simu umeme ulipokatika. Mimi nasema mtoto yuko sahihi. Mke wangu anasema mwalimu ni mwalimu. Nimeleta kwenu.

Nieleze nilivyoelewa mimi, mtu niliyekula chumvi ya reli miaka 22 kabla ya kufungua duka.

Chukueni reli ya Tabora hadi Kigoma. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Stesheni yetu hapa iko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 775 au pungufu yake kidogo. Ukitoka kule unashuka. Sasa elektroni, vile vichembe vidogo vya umeme vilivyomo ndani ya kila atomu, ndizo abiria. Chakula ulichokula, ugali au matoborwa, kikishavunjwavunjwa ndani ya seli, kinachovunwa humo ni elektroni zenye nguvu nyingi, zinapandishwa treni Tabora. Zinashuka stesheni kwa stesheni, na kila zikishuka kuna kazi inafanyika njiani. Zikifika chini zimechoka, hazina nguvu tena. Lazima awepo wa kuzipokea. Mpokeaji ni oksijeni. Oksijeni ndiyo mwisho wa reli.

Sasa mnajua wenyewe reli yetu ni njia moja. Treni ikikwama Kigoma haijashusha, ya nyuma yake inasimama Uvinza, inayofuata Nguruka, inayofuata Kaliua, mpaka Tabora nako watu wanalala kwenye mabenchi. Mtu akikosa hewa kinachotokea ni hicho. Chakula kimo mwilini tele, ila foleni imegota kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Oksijeni haimpi mtu nguvu. Nguvu imo kwenye chakula. Oksijeni inasafisha njia. Haya, wenye elimu waje.

---

Bint Ujiji

Mzee wangu shikamoo. Nimeweka mkeka hapa, sitoki.

---

Nabisha Tu

Mzee, heshima yako, lakini umelala na reli yako. Mlinganyo upo tangu kidato cha pili: glukosi moja na oksijeni sita, unapata hewa ya ukaa sita na maji sita. Hewa ya ukaa ina kaboni moja na oksijeni mbili. Sita mara mbili ni kumi na mbili. Hizo oksijeni kumi na mbili zimetoka wapi kama si kwenye pumzi? Mwalimu yuko sahihi, mwanao arudie.

---

Mtani wa Isevya

Kwanza nafurahi Muha kukiri hadharani kwamba Tabora iko juu. Pili, Nabisha ana hoja. Mzee jibu hapo, usikimbilie kusema mvua imekatika.

---

Zamu ya Usiku

Nimetoka zamu sasa hivi, macho yanawaka, ila huu uzi siwezi kuuacha. Mimi ni tabibu, niko Kasulu.

Mtoto yuko sahihi. Nabisha, hesabu zako ni nzuri ila mlinganyo unaoutumia umefupishwa. Glukosi ukiiandika ni C6H12O6. Humo tayari kuna oksijeni sita. Bado sita. Hizo zinatoka kwenye maji yanayoingizwa katikati ya kazi, wakati chakula kinavunjwa ndani ya mitokondria, vile vijumba vidogo vya kutengenezea nguvu ndani ya seli. Mlinganyo mzima unasomeka hivi:

C6H12O6 + 6H2O + 6O2 → 6CO2 + 12H2O

Upande wa kushoto kuna maji sita yameingia, upande wa kulia yametoka kumi na mbili. Wanaofundisha kidato cha pili wanakata sita kwa sita, yanabaki sita, mlinganyo unakuwa mfupi na rahisi kukariri. Lakini ukikata hivyo umefuta nyayo. Oksijeni sita za pumzi zina chembe kumi na mbili, na maji kumi na mbili yaliyozaliwa yana chembe kumi na mbili. Zimeenda zote huko. Hewa ya ukaa unayotoa puani imebeba oksijeni ya chakula na ya maji, na inazaliwa kabla treni ya mzee haijafika mbali.

Ushahidi mwingine uko jikoni kwenu hapo Kigoma. Gramu 100 za mawese mwili ukizitumia zote zinatoa maji kama gramu 107. Maji mengi kuliko mafuta yenyewe! Hidrojeni iliyomo kwenye mafuta hayo ni gramu 12 hivi tu. Uzito uliobaki umetoka wapi? Ni oksijeni uliyovuta. Mtu mzima kwa siku anatengeneza maji ya namna hii karibu glasi moja bila kujua, na yanachanganyika na mengine mwilini.

---

Nabisha Tu

Hapo kwenye mawese nimenyamaza. Lakini sijaondoka.

---

Mzee wa Stesheni

Tabibu, Mungu akupe usingizi mzuri. Mke wangu nimemsomea sehemu ya mawese, kaangalia chupa, kaangalia mimi, karudi jikoni.

Nimtetee mwalimu kidogo, maana sitaki uzi huu uwe wa kumsimanga. Ana madaftari mlima na mwongozo wa kusahihishia mkononi. Na kosa lake ni la watu wakubwa. Antoine Lavoisier, Mfaransa, miaka ya 1780 pamoja na mwenzake Laplace walimweka mnyama mdogo ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake na hewa ya ukaa aliyotoa. Wakasema kupumua ni kuungua, ila polepole. Kwa hesabu ya kilichoingia na kilichotoka walikuwa sawa. Lavoisier alidhani moto wenyewe unawaka mapafuni. Hakuna aliyejua mitokondria wakati huo, na yeye mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1794 kwenye mapinduzi yao, hakupata muda wa kurudia. Neno "kuunguza" limebaki vitabuni tangu hapo.

---

Kuli wa Kibirizi

Wazee, mimi elimu yangu darasa la saba, kazi yangu kubeba dagaa hapa mwaloni. Naomba mnieleze kitu kimoja. Nikibeba gunia kutoka botini hadi kwenye gari mbiombio, nikifika juu miguu inawaka moto kama imepakwa pilipili. Nikikaa dakika chache inaisha. Halafu kesho yake asubuhi ndiyo maumivu yenyewe. Hiyo ni oksijeni au uzee?

---

Zamu ya Usiku

Kaka, umeuliza swali bora kuliko mengi tuliyosomeshwa chuo.

Msuli una akiba ya ATP ya kutumia sekunde chache tu. ATP ndiyo noti ya chenji ya seli, kila kazi inalipwa kwa hiyo. Mwilini mwako muda wowote hazizidi gramu mia moja hivi, lakini zinazunguka mno, ukizijumlisha za siku nzima zinakaribia uzito wako mwenyewe. Kwa hiyo lazima zitengenezwe muda wote.

Ukikimbia na gunia, damu haiwahi kufikisha oksijeni ya kutosha kwenye paja. Treni inakwama. Seli haikubali kufa, inarudi kwenye njia ya zamani: inakata glukosi vipande viwili bila oksijeni, nje ya mitokondria kabisa, inapata ATP mbili. Mbili tu! Glukosi hiyohiyo ikipitishwa njia yote hadi mwisho wa reli inatoa kama 30 au 32. Vitabu vya zamani viliandika 36 hadi 38, msigombane na watoto wenu kwa hilo. Katika hiyo njia ya mkato kunabaki laktiki, msuli unakuwa mchachu, unasikia moto. Ndiyo unahema baadaye hata ukiwa umekaa.

Ile ya kesho yake usiisingizie laktiki. Inaondoka ndani ya saa moja hivi, ini linaichukua kuirudisha glukosi, na moyo wako unaichoma kama kuni nzuri kabisa. Maumivu ya asubuhi ni nyuzi za msuli zilizochubukachubuka kwa kazi. Uzee bado.

---

Kuli wa Kibirizi

Ahsante dokta. Kumbe nabeba kwa hasara, mbili badala ya thelathini. Tajiri wangu asome hapa.

---

Mtani wa Isevya

Mbili badala ya thelathini ni hesabu ya wanzuki pia, mnaisahau kwa sababu nyuki wako kwetu.

Bibi yangu Sikonge alikuwa anachanganya asali na maji, anatia chachu yake, anafunika kibuyu. Hamira humo ndani haina oksijeni, inaishi kwa zile ATP mbili, na takataka yake ndiyo pombe pamoja na hewa ya ukaa, ndiyo mapovu. Sasa jiulizeni, kama hamira ingekuwa imetoa nguvu yote ya asali, pombe ingekuwa na nini ndani? Chukua gongo kali, mimina kijikoni, washa kiberiti. Inawaka moto wa bluu. Ule moto ni nguvu ya sukari ambayo hamira iliiacha mezani kwa kukosa oksijeni. Sisi tunakunywa makombo ya hamira halafu tunajiita wazee wa heshima.

---

Nabisha Tu

Haya, nimerudi. Kama oksijeni ni mpokeaji tu, ikae hapo chini Kigoma ipokee, nguvu inapatikanaje njiani? Abiria kushuka mlima hakumpikii mtu ugali. Mzee, treni yako inazalisha nini?

---

Mzee wa Stesheni

Nilijua utauliza. Binti yangu kaniamsha saa tano usiku kunichorea, na naapa reli yetu ilichorwa kwa ajili ya hili somo.

Elektroni zinapanda Tabora. Stesheni ya kwanza yenye pampu, sema Urambo. Zinashuka ngazi moja, nguvu inayotoka inasukuma protoni, yaani hidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, kutoka upande mmoja wa utando wa mitokondria kwenda wa pili. Halafu Kaliua. Pale Kaliua si ndipo reli ya Mpanda inaungana na yetu? Basi na kwenye seli pako hivyo hivyo. Kuna elektroni nyingine hazikupitia Urambo, zimekuja na tawi lao zinajiunga katikati, na kwa sababu zimeruka pampu ya kwanza zinaleta ATP pungufu. Kutoka hapo wote treni moja. Nguruka pampu ya pili. Uvinza pampu ya tatu, ya mwisho, na hiyo ndiyo inayoshikana mkono na oksijeni. Kisha Kigoma, ziwani, maji.

Protoni zimejazana upande mmoja kama maji nyuma ya ukingo wa bwawa. Zinataka kurudi. Mlango uliopo ni mmoja, na mlangoni kuna mashine inayozunguka, nasema inazunguka kweli, ina shina na inageuka kama mtambo wa bwawa la umeme. Ikizunguka inabandika ATP. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, seli yako moja ya moyo ina ya namna hii isiyohesabika.

Mwingereza Peter Mitchell ndiye aliyelisema hili la bwawa mwaka 1961. Wenzake wengi hawakumwelewa, miaka ikapita wakibishana, na Tuzo ya Nobel akapewa mwaka 1978. Hiyo mashine inayozunguka nayo ikawapatia Paul Boyer na John Walker yao mwaka 1997. Kwa hiyo Nabisha usione aibu, wenye shahada zao nao walibisha.

---

Karabai

Salamu kutoka majini. Nasoma hapa tangu jana, mtandao unakuja na kuondoka. Mimi mvuvi, wa dagaa.

Hili la mwisho wa reli kuna sehemu linanigusa. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Wageni wakisikia hivyo wanadhani samaki wamejaa mpaka chini. Hakuna. Upande wetu huu wa kaskazini oksijeni inaishia kwenye mita mia hivi, kule kusini upande wa Zambia inashuka hadi karibu mia mbili. Chini ya hapo ni maji matupu, hayana dagaa, hayana migebuka, hayana kuhe, hayana hata konokono. Wataalamu waliwahi kupanda na sisi wakashusha chupa yao kwa kamba, ile ya chini kabisa ilipofunguliwa ikanuka yai bovu. Kijana wetu mmoja akasema huko ndiko mashetani wanakooga.

Walituambia sababu. Maji ya juu yana joto, mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi mazito, hayachanganyiki. Kila kinachokufa kinazama, kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni mpaka inaisha. Ya juu haishuki kuijazia. Kwa hiyo dagaa wote tunaowaita kwa taa usiku wa giza wanaishi kwenye utandu wa juu tu wa hilo ziwa lote.

Swali langu: kama hakuna oksijeni, kitu gani kinaozesha huko chini?

---

Zamu ya Usiku

Karabai, una bahati ya kuvua juu ya somo zima.

Huko chini kuna bakteria. Nao wana reli, wana elektroni, wana pampu zao. Wamekosa Kigoma, basi wanashukia kwingine. Wengine wanampa elektroni nitrati, wengine salfati, chumvichumvi zilizoyeyuka majini. Wa salfati ndio wanaotoa ile harufu ya yai bovu. Tatizo lao ni kwamba stesheni hiyo haiko chini sana, mteremko ni mfupi, kama mtu anayeteremkia Urambo wakati tiketi ni ya Kigoma. Nguvu wanayopata ni ndogo. Wanaishi, wanagawanyika polepole, lakini hutakaa uone bakteria wa salfati amekuwa mgebuka. Mwili wa kukimbia, kuwinda, wenye ubongo na damu ya moto, unahitaji mteremko mrefu, na wa oksijeni ndio mrefu wanaoujua viumbe wengi.

Ubongo wa mtu ni kama asilimia 2 ya uzito wake na unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote anayotumia akiwa ametulia. Ndiyo maana aliyezama majini mnahesabu dakika. Nne, tano, seli za ubongo zinaanza kufa.

---

Bint Ujiji

Mniruhusu na mimi. Shikamooni wakubwa.

Desemba ya mwaka juzi mvua kama hii ilitukuta tumehamia chumba kipya, dirisha moja na tumeliziba kwa nailoni. Mama akasema jiko la mkaa liingizwe ndani, maharage yamalizikie humo na sisi tupate joto. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, hauna hata moshi. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga. Mdogo wangu akasema anasikia kichefuchefu, akainuka kwenda mlangoni, hatua mbili akaanguka kama nguo imechomoka kwenye kamba. Jirani alisikia sufuria ikidondoka, ndiyo salama yetu. Walitutoa barazani tukalowa mvua, na ile mvua ndiyo ninayoikumbuka tamu kuliko zote.

Hospitali wakatuambia ni hewa ya mkaa. Lakini sikuelewa, maana chumbani oksijeni si ilikuwepo?

---

Zamu ya Usiku

Pole sana dada. Ilikuwepo, ila haikupata usafiri. Mkaa ukiungua kwenye hewa chache unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ndiyo maana "hauna moshi" ni maneno ya hatari. Inashika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni inavyoshika. Viti vyote vya gari vimekaliwa na mtu asiyeshuka.

Hapo niongeze kitu kwa Kuli. Hizo chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni hazina mitokondria hata moja. Zinaibeba mwili mzima, zenyewe haziitumii, zinaishi kwa zile ATP mbili.

---

Kuli wa Kibirizi

Kama mimi na dagaa. Nabeba gunia thelathini kwa siku, nyumbani nala mchicha.

---

Bint Ujiji

Nimecheka peke yangu. Dokta, na muhogo je? Bibi yangu hakuwa na mchezo na muhogo mchungu. Unamenywa, unalowekwa siku tatu au nne mpaka ulainike na kunuka, unavunjwavunjwa, unaanikwa juani ukauke kau. Mtu akiharakisha anapigwa na mwiko. Alisema una sumu "inayoziba roho". Nayo ni hiyohiyo ya mkaa?

---

Zamu ya Usiku

Bibi yako alikuwa anazungumza biokemia. Hiyo ni nyingine, sianidi, na inafanya kazi mbali zaidi. Rudini kwenye reli ya mzee. Kaboni monoksaidi inakamata hasa magari ya kuleta oksijeni. Sianidi inakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya mwisho, Uvinza, inakaa pale pale ambapo oksijeni ingeshika. Oksijeni imefika, imejaa kwenye damu, inagonga mlango, mlango umefungwa. Ukimtoa damu mtu wa namna hiyo, hata ile ya kwenye vena inayorudi moyoni, inakuwa nyekundu inayong'aa, kwa sababu hakuna aliyeitumia. Ndilo jambo linalonitisha kuliko yote niliyosoma: mtu anakosa hewa ndani ya hewa.

Kuloweka kunafanya muhogo uvunjike na sumu itoke, jua na upepo vinaimalizia kwa sababu hiyo gesi inaruka kirahisi. Mwaka wa ukame watu wakiwa na njaa wanakata siku za kuloweka, na hapo ndipo balaa. Tarime mwaka 1985 ilitokea, watu wakapooza miguu, ugonjwa unaitwa konzo. Kinachoharibu neva hasa ni mjadala mrefu, lakini muhogo usiotolewa sumu vizuri ndio ulioonekana kila mara. Kwa hiyo mwiko wa bibi uheshimiwe.

---

Nabisha Tu

Sawa, mmenikamata. La mwisho. Stendi kuna jamaa anauza maji ya chupa, anasema yameongezwa oksijeni, ukinywa unapata nguvu mara moja. Elfu tatu. Kwa hoja zenu si yanasafisha reli?

---

Mzee wa Stesheni

Hapo hata bila tabibu nakujibu, binti kanipigia hesabu. Lita moja ya maji ya kawaida kwenye joto letu hili inashika oksijeni kama miligramu 8. Ukiigeuza hewa ni mililita sita. Mtu aliyekaa kimya anatumia mililita 250 kwa dakika. Kwa hiyo lita nzima ni oksijeni ya sekunde moja na nusu. Jamaa hata aongeze mara kumi, ni sekunde kumi na tano, na tumbo si matamvua ya samaki. Mtu mzima mwenye afya damu yake imejaa oksijeni asilimia 95 na kwenda juu tayari. Stesheni ikiwa na wapokeaji wa kutosha, kuongeza wengine hakuleti treni zaidi.

Elfu tatu nunua migebuka.

---

Zamu ya Usiku

Ila msitoke hapa mkidhani oksijeni ya hospitali haina kazi. Mikoa yetu hii miwili mnaijua kwa malaria. Mtoto akiwa nayo kali, chembe nyekundu zinapasuka, wabebaji wanakwisha, vidole na ndani ya kope vinapauka. Seli zinaangukia kwenye njia ya ATP mbili, damu inakuwa chachu, mtoto anahema kwa nguvu, mbavu zinaingia. Mama anasema "ana kifua". Wakati mwingine kifua hakina tatizo, ni damu inayolia. Huyo hapewi dawa ya kikohozi nyumbani, analetwa usiku huohuo.

Naenda kulala sasa, kweli.

---

Mtani wa Isevya

Mzee, mvua imekatika? Na daftari limeishia wapi?

---

Mzee wa Stesheni

Mvua imekatika jana. Dogo nilimkataza kubishana, nikamwambia aende tu na mlinganyo mrefu kwenye karatasi aombe kuelezwa maji sita ya kushoto yanafanya nini. Mwalimu kaitazama karatasi kipindi kizima cha mapumziko. Hakusema kitu. Kipindi cha pili kamwita ubaoni, kamwambia haya chora hiyo reli yako darasa lione.

Kachora kuanzia Tabora. Alipofika Uvinza kengele ikalia.